Kwenda na Kurudi: Habari za Mashine za Ruiru na Thika

Msafiri atokaye Nairobi kwa barabara kuu ya Thika hufika Ruiru kabla hajachoka kukaa. Hapo huona mashamba ya kahawa yaliyosalia yakipakana na majumba mapya ya kupanga, na nyuma ya kuta ndefu huona mapaa ya viwanda. Akiendelea kidogo huwa yuko Juja, na kisha Thika, mji ambao watu waliupachika jina la Birmingham ya Kenya kwa wingi wa viwanda vyake. Apitaye njiani husikia mngurumo tu. Aingiaye ndani huona kwamba, pamoja na magurudumu yazungukayo, viko vyombo vingi ambavyo havizunguki kamwe. Huenda upande mmoja, hugeuka, hurudi, na hugeuka tena, mchana kutwa na usiku kucha. Habari za vyombo hivyo ndizo nitakazo kuzisimulia, maana katika mwendo huo mdogo imefichika historia ndefu.

Zamani kidogo, nilipokuwa nikijifunza kazi katika kiwanda kimoja cha nyuzi, niliwekwa mbele ya mashine ya kukunjia uzi. Uzi ulitoka chini kwa kasi, ukapita katika tundu la kidude cha kauri, nacho kiliuongoza kulia na kushoto ili ujilaze sawasawa juu ya kibiringo. Kidude hicho huitwa kiongoza uzi. Kazi yake yaonekana kuwa nyepesi kama mchezo wa mtoto. Lakini kikichelewa kugeuka mwishoni kwa muda usiotosha hata kupepesa jicho, uzi hurundikana pale, na kingo za kibiringo huwa ngumu kama pembe. Kikivuka mpaka kwa upana wa punje mbili za mchele, duru za uzi huporomoka ukingoni na kibiringo kizima hutupwa. Kikigeuka mapema mno, uzi hujaa tumboni, na kibiringo hufanana na pipa. Basi nilijiuliza swali ambalo nadhani kila mtu mwenye akili angejiuliza: ni nani akiambiaye kidude hiki wakati wa kugeuka?

Kwa karne nyingi aliyekiambia alikuwa mkono wa mtu. Pwani yetu ilikuwa na wafumi tangu zama za kale. Ibn Battuta, alipofika Mogadishu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa pale hazikuwa na kifani na zilipelekwa hata Misri. Huko Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua vigae vya mviringo vilivyotobolewa katikati, na vigae hivyo vilikuwa vizito vya kijiti cha kusokotea pamba. Mfumi hukaa mbele ya kitanda chake, nyuzi za mtande zikiwa zimetandwa kutoka kwake kwenda mbele, na mshindio hupita kati yake kutoka mkono wa kuume kwenda wa kushoto, kisha hurudi. Mshindio ukivutwa mno, ukingo wa nguo huingia ndani. Ukilegezwa mno, hutokea vitanzi. Mfumi hatumii rula. Huona kosa la mpito huu, hulisahihisha katika mpito ufuatao, na akiona kwamba amezidisha masahihisho, huyapunguza. Kwake yamekutana mambo matatu: agizo lililo moyoni, jicho liangalialo, na mkono usahihishao. Nakuomba, msomaji, uyaweke akilini mambo hayo matatu, kwa kuwa mashine nitakazozitaja ama ziliyapoteza ama ziliyarudisha.

Walioyapoteza kwanza ni Waingereza, nao walipata faida kubwa kwa kuyapoteza. Mwaka 1733 John Kay alibuni njia ya kuurusha kwa kuvuta kamba ule mtumbwi wa uzi, yaani kibao kilichochongwa mfano wa mtumbwi kibebacho mshindio. Mfumi mmoja akaweza kufuma nguo pana ambayo hapo kwanza ilihitaji watu wawili. Mwaka 1785 Edmund Cartwright, aliyekuwa kasisi, alipata hati ya kitanda cha kufumia kiendeshwacho kwa mashine. Tangu hapo mwendo wa kwenda na kurudi ulitiwa katika chuma. Gurudumu lilichongwa likawa na nundu upande mmoja, na kila lilipozunguka nundu ile ilisukuma fimbo, na fimbo ikapiga mtumbwi. Nundu haichoki, hailali, wala haiombi ujira. Lakini nundu ni kipofu. Mtumbwi ukikwama katikati ya mtande, nundu husukuma vilevile kana kwamba hakuna lililotukia, na mamia ya nyuzi hukatika. Tena safari ikihitaji kurefushwa kwa upana wa kidole, haiwezekani kuiambia nundu lolote. Hapana budi mashine isimamishwe, nundu itolewe, na nyingine ichongwe.

Mjapani Sakichi Toyoda aliisikitikia hali hiyo, na kitanda chake cha mwaka 1924 kiliweza kusimama chenyewe uzi ulipokatika, na kubadilisha mtumbwi pasipo kupunguza mwendo. Mali iliyotokana na vitanda vile ilisaidia kuanzisha kazi ya kuunda magari, na kampuni ya magari ikasimama peke yake mwaka 1937. Kwa hiyo matatu ya Toyota ipitayo Ruiru ikipiga honi ni mjukuu wa kitanda cha mfumi, ingawa utingo wake hajui.

Sasa turudi nyuma kidogo, tutazame namna jicho lilivyorudishiwa mashine. Mwaka 1788 James Watt alitia katika mashine zake za mvuke mipira miwili ya chuma inayozunguka. Mashine ilipokwenda mbio mno mipira ilitanuka na kupunguza mvuke, na ilipopunguza mwendo mipira ilishuka na kuufungulia. Chombo hicho huitwa gavana. Vijana wa Kenya hulijua neno hilo kwa njia mbili, wala simtaji gavana wa kaunti. Nasema juu ya kile kidhibiti mwendo ambacho sheria zilizoletwa na waziri John Michuki mwaka 2003 ziliamuru kifungwe katika matatu. Ukoo wao ni mmoja. Gavana huyu alikuwa na jicho, lakini aliangalia kasi peke yake. Hakujua chombo kiko wapi.

Chombo cha kwanza mashuhuri kilichojua mahali pake kilikuwa baharini. Mwaka 1866 mhandisi John McFarlane Gray alitia katika meli kubwa iitwayo Great Eastern mtambo wa mvuke wa kugeuzia usukani. Usukani wa meli ile ulikuwa mzito hata kundi la mabaharia lilitaabika kuugeuza bahari ilipochafuka. Kwa mtambo wa Gray mtu mmoja aligeuza gurudumu dogo, na mvuke ukausukuma usukani mpaka ukafika pale gurudumu lilipoagiza. Ukiisha kufika, usukani wenyewe ulijifungia mvuke. Kama haujafika, mvuke uliendelea kusukuma. Hapa agizo, jicho na mkono vilikutana tena, safari hii katika chuma.

Mfaransa Joseph Farcot alikuwa akifanya kazi ya namna hiyohiyo, na mwaka 1873 alitoa kitabu ambamo aliupa mtambo huo jina la servo-moteur, kutokana na neno la Kilatini servus, maana yake mtumwa. Mwezi wa Juni wa mwaka uo huo, Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Unguja. Sidhani kwamba Farcot aliwaza habari za Unguja alipokuwa akichagua jina, na kukutana kwa miaka hiyo ni bahati tu. Lakini kila nisikiapo fundi akitaja sevo hulikumbuka soko lile, na huona si vibaya chuma kibebe jina ambalo mtu hakustahili kulibeba.

Ruiru iliingia katika habari hizi kwa njia ya maji. Reli ilikuwa imefika Nairobi mwaka 1899, na mji ukakua upesi. Mwaka 1908 mhandisi Clement Hirtzel alipewa haki ya kuupatia mji huo umeme, na nguvu za maporomoko ya mto Ruiru zikatumiwa kuzungusha mitambo. Reli ya kwenda Thika ilifunguliwa mwaka 1913. Mwaka 1922 kampuni ya umeme ya Nairobi na ile ya Mombasa ziliunganishwa, zikawa East African Power and Lighting, na katika miaka iyo hiyo ya 1920 kituo cha Ndula kilijengwa katika mto Thika. Wengi husema kwamba viwanda viliifuata reli. Mimi naona viliyafuata maji pia, maana kahawa, katani, ngozi na nguo zote hutaka maji mengi.

Fikiri sasa juu ya mtambo wa umeme wa maji wakati wa magharibi. Taa za mji zinawashwa kwa pamoja. Mzigo unaongezeka, gurudumu la maji linalegea, na taa zinafifia. Gavana huona kwamba kasi imepungua, lakini mipira yake haina nguvu za kufungua milango mizito ya maji. Basi huagiza mafuta yenye mkandamizo yaingie nyuma ya pistoni, na pistoni hiyo huifungua milango. Mzigo ukipungua usiku wa manane, pistoni hurudi na kuifunga. Wahandisi wa maji huiita pistoni hiyo sevomota hata leo. Ni mwendo wa kwenda na kurudi, wa polepole, usioonekana na mtu wa mjini ambaye anasoma kitabu chini ya taa yake.

Kuna hatari moja humo. Gavana mwenye haraka mno hufungua milango kupita kiasi, kasi huzidi, hufunga kupita kiasi, kasi hupungua, na taa za mji mzima hupanda na kushuka kama kifua cha mtu mwenye homa. Mwanasayansi wa Skotilandi James Clerk Maxwell alilichunguza jambo hili kwa hesabu katika makala yake ya mwaka 1868 juu ya magavana, akaonyesha ni wakati gani mashine itatulia na ni wakati gani itayumba milele. Alionyesha kwamba mashine yenye jicho yaweza kuharibiwa na bidii yake yenyewe.

Aliyeyafafanua mambo hayo kwa namna ambayo mtu wa pwani angeyafahamu mara moja ni Nicolas Minorsky, mzaliwa wa Urusi aliyehamia Marekani. Makala yake ya mwaka 1922 ilihusu uendeshaji wa meli pasipo mtu kushika usukani, na katika kuitafuta njia aliwatazama washika usukani hodari wafanyavyo kazi. Mtu wa Lamu aliyekaa shetri ya jahazi angemweleza yote kwa kikombe kimoja cha kahawa. Nahodha mzuri hutazama kwanza chombo kimeacha njia kwa kiasi gani, naye hugeuza usukani kwa kadiri hiyo. Pili hukumbuka kimeiacha njia kwa muda gani, kwa maana mkondo wa maji ukisukuma kidogo kidogo tangu asubuhi, kosa dogo lililodumu lataka usukani ushikiliwe upande. Tatu huangalia omo yarudi kwa kasi gani. Ikirudi mbio huulegeza usukani mapema, ili chombo kisipitilize upande wa pili. Mwanafunzi wa nahodha hulijua la kwanza tu, na ndiyo sababu chombo chake huacha nyuma alama ya nyoka. Hesabu za Minorsky zilitia yote matatu pamoja, na mashine nyingi za viwandani za leo huongozwa kwa hesabu hizo.

Baada ya hapo mambo yalikwenda upesi, nami nitayapita upesi. Harold Hazen wa Marekani aliandika nadharia ya sevo mwaka 1934. Vita Kuu ya Pili ilizitumia kuelekeza mizinga. Mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata tarakimu zilizotobolewa katika utepe wa karatasi. Kisha zikaja transista, zikaja kompyuta ndogo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 zikapatikana sumaku za neodimiamu, ambazo ni kali sana kwa ukubwa wake. Mota iliyokuwa kubwa kama debe ikawa ndogo kama mkate.

Afrika ya Mashariki wakati huo ilikuwa ikijenga viwanda vyake vya nguo. Huko Jinja bwawa la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na kiwanda cha Nyanza Textile kilikuwa jirani yake. Thika nayo ilipata vinu vya nguo katika miaka ya mwisho kabla ya uhuru na iliyofuata. Dar es Salaam ilipata kiwanda cha Urafiki mwaka 1968 kwa msaada wa China. Katika vyumba vya kufumia vya siku zile watu walisemezana kwa ishara za mikono, kwa kuwa fimbo zilizopiga mitumbwi zilitoa kishindo kama mvua ya mawe juu ya bati. Wazee waliofanya kazi humo, wengi wao, hawasikii vizuri hata sasa. Mafundi wa nundu walijifunza kwa masikio hayohayo: fundi aliweza kupita kati ya vitanda mia akasema ni kipi kitaharibika kesho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Kenya ilifungua milango ya biashara. Nguo kutoka ng'ambo, na mitumba hasa, ziliingia kwa bei ambayo viwanda vyetu havikuiweza. Vingi vilifungwa katika miaka iliyofuata, na elfu nyingi za watu walirudi nyumbani wakiwa na ujuzi usiohitajika tena popote. Vilivyosalia vilibaki kwa kubana matumizi, na kwa kununua mashine mpya au zilizotumika zenye sevo badala ya nundu. Mashine hizo zilikuja zikiwa na vijisanduku vya umeme vyenye tarakimu nyekundu, na mara nyingi fundi aliyezifunga alitoka mbali, akazipanga tarakimu, akapanda ndege akaenda zake. Hapo ndipo naona kasoro kubwa ya wakati ule. Fundi wa zamani angeweza kuitazama nundu na kuipima kwa bizimu. Tarakimu iliyomo ndani ya kisanduku haionekani mpaka mtu afundishwe mahali pa kuitazama, na maana yake.

Basi acha nieleze maana yake, kwa mfano wa ile mashine ya kukunjia uzi.

Kiongoza uzi hupanda juu ya skrubu ndefu izungushwayo na mota. Skrubu ikizunguka mara moja, kiongoza huenda milimita 10. Nyuma ya mota kuna jicho, nalo huitwa enkoda, ambalo hutoa mapigo 10,000 ya umeme kwa kila mzunguko. Kwa hiyo milimita moja ni mapigo 1,000. Safari ya kiongoza kutoka ukingo hadi ukingo ni milimita 150, yaani mizunguko 15, yaani mapigo 150,000. Agizo lote limo katika tarakimu hiyo. Kisanduku, ambacho mafundi hukiita kiendeshi, huhesabu mapigo yatokayo kwenye jicho, huyalinganisha na agizo, na tofauti iliyopo huigeuza kuwa nguvu ya kusukuma. Hii ndiyo kazi ya mfumi, ila hufanywa mara maelfu katika kila sekunde.

Kabla ya yote kiendeshi lazima kijue mwanzo uko wapi. Enkoda za kawaida husahau kila kitu stima inapopotea, na katika nchi yetu stima hupotea. Kwa hiyo asubuhi mashine hutambaa polepole mpaka iguse swichi moja iliyofungwa ukingoni, kisha hurudi nyuma kidogo, na mahali hapo pakahesabiwa sifuri. Fundi mzembe huiruka hatua hiyo kwa kudhani kwamba mashine ilisimama pale ilipoachwa jana. Fundi mwangalifu, tena, kwanza huisogeza kwa mwendo wa kinyonga ili aone kama kulia kwa kisanduku ndiko kulia kwa chuma. Waya zikiwa zimegeuzwa, kila sahihisho huongeza kosa, na kiongoza hukimbilia ukingoni kwa nguvu zake zote.

Kisha huja kasi. Tuseme kila safari yapewa sekunde 0.55. Sekunde 0.05 za kwanza ni za kuongeza mwendo, na 0.05 za mwisho ni za kuupunguza. Ukifanya hesabu utaona kwamba katikati kiongoza kitakwenda milimita 300 kwa sekunde, nayo mota itazunguka mara 1,800 kwa dakika. Mbona tusiupe muda mrefu zaidi wa kugeuka, ili mashine isitikisike? Kwa sababu kila kiongoza kinapokawia ukingoni, uzi hurundikana, na tumerudi kwenye zile kingo ngumu kama pembe. Mbona basi tusiufanye mgeuko kuwa wa ghafla kabisa? Kwa sababu chuma kina uzito, na kigeuzwacho ghafla hupiga, hulegeza boriti, na hula skrubu. Fundi hutafuta mahali pa katikati, naye hana kitabu kitakachompa jibu moja. Ana hila moja ambayo nundu haikuweza kuifanya: huagiza mpaka wa kugeukia uhame kidogo kila safari, leo milimita moja ndani, kesho mbili, ili marundo yasikutane.

Zaidi ya hayo, kila kiongoza kinapofunga breki, mota hugeuka kuwa jenereta na kurudisha umeme ndani ya kisanduku. Mwendo wa kwenda upande mmoja tu haudhuru. Lakini mashine igeukayo karibu mara mbili kwa kila sekunde hurudisha umeme huo pasipo kupumzika, nao hauna budi kuteketezwa kuwa joto katika waya wa upinzani uliofungwa kando. Waya huo ukiwa mdogo, kisanduku hujaa, kikakataa kazi. Niliona mashine ikisimama kila baada ya robo saa kwa sababu hiyo, na watu watatu wakabadilisha mota ambayo haikuwa na kosa lolote.

Mwisho ni ukali wa masahihisho. Fundi huongeza ukali kidogo kidogo mpaka asikie mashine ikianza kuimba, kisha huurudisha nyuma mpaka inyamaze. Wimbo ule ndio ile homa ya taa aliyoichunguza Maxwell, ila hapa mtetemo wake ni wa mara mamia kwa sekunde.

Iko tarakimu moja zaidi, nayo ndiyo iliyonifanya niandike habari hizi. Kiendeshi huruhusiwa kubaki nyuma ya agizo kwa kiasi fulani tu. Katika ile mashine kiasi hicho kilikuwa milimita 5, yaani mapigo 5,000. Kikizidi, kisanduku huwasha taa nyekundu, hukata nguvu, na mashine hutulia. Vumbi la nyuzi lilikuwa limeijaa skrubu na grisi ilikuwa imekauka, kwa hiyo kiongoza kilikuwa kizito na taa iliwaka mara kwa mara. Kazi ilichelewa. Msimamizi alikasirika. Usiku mmoja fundi wa zamu, badala ya kuisafisha skrubu, aliingia katika kisanduku na pale palipoandikwa 5,000 akaandika 200,000. Linganisha, msomaji, na safari nzima, ambayo ni mapigo 150,000. Tangu usiku ule taa isingeweza kuwaka hata kama kiongoza kingefungwa kwa mnyororo.

Asubuhi mama aliyekuwa akiihudumia mashine ile aliuliza, "Fundi, ile taa ya jana imenyamaza kwa nini?"

"Tumeiponya, mama," fundi alijibu. "Sasa haisimami."

Siku ya pili uzi ulijisokota katika skrubu, kiongoza kikakwama karibu na ukingo. Kifuniko kilikuwa kimeondolewa siku nyingi ili kurahisisha kazi. Mama yule aliiona mashine imesimama, naye kama ilivyokuwa desturi akadhani kwamba imejizima. Haikujizima. Agizo lilikuwa likienda na kurudi ndani ya kisanduku, na kiendeshi kilisukuma kwa nguvu zote, kikidaiwa safari nzima kama mtu adaiwaye. Alipolikata fundo la uzi, chuma kililipa deni lake lote kwa mara moja. Alipoteza ncha za vidole viwili vya mkono wa kuume.

Sheria ya Kenya iliyaamuru makampuni kufunika sehemu za hatari za mashine tangu Sheria ya Viwanda ilipoanza kutumika mwaka 1951, na sheria mpya ya usalama na afya kazini ya mwaka 2007 yaamuru vivyo hivyo. Kifuniko kingemwokoa. Tarakimu ile pia ingemwokoa, lakini mkaguzi aliyekuja aliangalia vifuniko, hakuangalia tarakimu, na sidhani kwamba palikuwa na mtu mle ndani aliyeweza kumwonyesha mahali ilipo.

Chuo cha Juja kilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, kikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994 kwa jina la Jomo Kenyatta, na sasa hufundisha uhandisi uunganishao mashine, umeme na kompyuta. Ni mwendo mfupi tu kutoka hapo hadi malango ya viwanda vya Ruiru. Miaka mingi baada ya mkasa ule nilirudi kuitembelea mashine ya aina ileile, katika kiwanda kingine, nikamkuta binti mmoja aliyesomea kazi hiyo akiipanga upya. Alikuwa na daftari la shule lenye mistari. Kila tarakimu aliyoikuta ndani ya kisanduku aliiandika kwanza, na kando yake akaandika ile mpya, na sababu ya kuibadilisha. Alipofika kwenye kiasi cha kubaki nyuma nilimwuliza angeandika ngapi.

"Elfu nne, mzee," alisema, "lakini skrubu isafishwe kwanza."

Alizima swichi kuu. Nilidhani angefungua kisanduku papo hapo, lakini alikaa juu ya ndoo iliyofudikizwa akaanza kuhesabu dakika, kwa kuwa kapasita zilizomo ndani hushika umeme wenye kuua hata baada ya waya kukatwa. Kijitaa kidogo kilikuwa bado kinawaka. Tulikitazama sote wawili mpaka kilipozimika, ndipo akaomba bisibisi.